Chanjo za mtoto ukiwa ughaibuni: anza na tarehe

Mwanangu wa kwanza alizaliwa Dar es Salaam, wa pili Leicester, Uingereza. Yule wa kwanza alisafiri akiwa na miezi mitano. Kadi yake ya kliniki niliikunja ndani ya pasipoti yangu nikijua kila kitu kimekamilika: kila kisanduku kina mwandiko, kila mwandiko una mhuri. Nesi wa huku aliigeuza mbele na nyuma, akaweka kidole kwenye dozi ya pili ya chanjo ya penta, akauliza: "Hii alipewa lini?" Mhuri ulikuwa umeangukia juu ya tarehe. Sindano ilidungwa, mimi mwenyewe nilimshika mtoto akilia, lakini tarehe haisomeki. Kwa nesi yule, dozi isiyo na tarehe ilikuwa sawa na dozi ambayo haikutolewa.

Sisi nyumbani tumezoea kuhesabu sindano: "Amebakiza moja tu, ya surua." Huku hesabu ni ya tarehe. Wanataka kujua mtoto alikuwa na umri gani siku aliyochanjwa, na ni siku ngapi zilipita kati ya dozi moja na nyingine. Ukilielewa hilo, mengi yanayofuata yatakuwa mepesi. Nitazungumzia zaidi England kwa kuwa ndiko ninakolea, na nitagusa Marekani na Ujerumani pale ambapo kanuni zao huwashangaza watu wetu.

Hatua ya 1: Isome kadi kabla ya kupanda ndege

Nenda kliniki ileile mtoto anakopimwa uzito, angalau wiki mbili kabla ya safari, na ukae na nesi muipitie kadi mstari kwa mstari.

Anza na jina. Kadi nyingi hufunguliwa siku ya kujifungua, mtoto bado hajapewa jina, basi inaandikwa "Mtoto wa Mwanaidi" na hubaki hivyohivyo hadi anaanza kutembea. Ughaibuni hakuna anayemjua Mwanaidi. Omba jina kamili la mtoto liandikwe kama lilivyo kwenye pasipoti, herufi kwa herufi, pamoja na tarehe ya kuzaliwa. Kisha mhuri ugongwe pembeni. Pembeni, narudia.

Tarehe nazo ziandikwe mwezi kwa maneno, hasa kama unakwenda Marekani. Sisi tukiandika 05/08 tuna maana ya tarehe tano Agosti. Mmarekani anaanza na mwezi, kwake hiyo ni Mei 8. Mtoto aliyezaliwa Juni anaonekana amechanjwa kabla ya kuzaliwa, na dozi inafutwa. "5 Agosti 2025" haimchanganyi mtu yeyote, hata kama neno Agosti ni la Kiswahili.

Halafu yako majina ya chanjo. Penta kwetu ni neno la kila siku, lakini nesi wa kigeni anaweza asijue ndani yake mna nini. Mna kinga tano: donda koo, pepopunda, kifaduro, homa ya ini B, na ile ya bakteria Hib anayeleta nimonia na homa ya uti wa mgongo. Omba paandikwe DTP-HepB-Hib kando ya neno Penta. Vilevile, palipoandikwa "Surua" tu, paongezwe MR, ili ijulikane kuwa na rubela imo. Kama namba ya bechi ya chanjo inapatikana, nayo iandikwe.

Ukimaliza, piga picha pande zote mbili, jitumie kwa barua pepe, na mtumie mtu mmoja aliyebaki nyumbani. Kadi halisi isitiwe plastiki ya moto. Inapendeza macho, ila hakuna atakayeweza kuandika tena juu yake.

Jambo moja la kujizuia: usimbembeleze nesi akuwahishie dozi kwa sababu ndege ni Jumapili. Kati ya penta moja na nyingine zinatakiwa wiki nne kamili. Dozi iliyotolewa mapema inaweza kukataliwa mbele ya safari, na mtoto atakuwa amelia bure. Ni afadhali akachanjwe ugenini akiwa amechelewa kidogo. Chanjo ambayo haisubiri ni moja, ile ya matone ya kuzuia kuhara kwa virusi vya rota. Huku England dozi ya kwanza haitolewi mtoto akishatimiza wiki 15, na hakuna dozi yoyote baada ya wiki 24. Hiyo hakikisha ameimaliza nyumbani, wiki ya 6 na ya 10, kama bado mpo.

Hatua ya 2: Jiandikisheni kwa daktari wiki ya kwanza

Wengi wetu husubiri mtoto augue ndipo tutafute daktari. England, daktari wa mtaa, ambaye kila mtu humwita GP, ndiye mlango wa chanjo, na kujiandikisha kwake ni bure. Si lazima uonyeshe viza wala uthibitisho wa anwani; mhudumu wa mapokezi akiviomba na huna, mwambie kwa upole kwamba kanuni haziwataki wakukatalie kwa sababu hiyo. Kuna watu wamekaa miezi sita na mtoto asiye na daktari kwa kuogopa dirisha la mapokezi tu.

Siku ya kujiandikisha omba miadi ya nesi wa chanjo. Acha nakala ya kadi, halisi urudi nayo nyumbani. Baada ya wiki mbili piga simu uulize kama chanjo zimeingizwa kwenye kompyuta, moja baada ya nyingine, na tarehe zake. Mimi niliacha nakala, nikaamini mambo yamekwisha, nikaanza kupokea barua za kuniambia mwanangu hajawahi kuchanjwa. Nakala ilikuwa imewekwa kwenye faili kama picha. Hakuna aliyekaa akaandika tarehe zake. Kompyuta haisomi picha.

Omba pia kitabu cha afya ya mtoto, kile chenye jalada jekundu, ambacho waliozaliwa huku hupewa mapema. Anayekuja kutoka nje anaweza kukipata kupitia muuguzi wa watoto anayetembelea familia majumbani. Kuanzia hapo kila sindano iandikwe pande mbili: kitabu chekundu na kadi ya nyumbani.

Hatua ya 3: Weka ratiba mbili kando kwa kando

Hapa ndipo penye kazi, na ndipo ninapowaona wazazi wakigombana na manesi bila sababu.

Ratiba ya Tanzania unaijua. Akizaliwa anapata BCG ya kifua kikuu na matone ya polio. Wiki ya 6, 10 na 14: polio, penta na PCV ya nimonia, rota ikiwa kwenye mbili za mwanzo, na sindano ya polio wiki ya 14. Miezi 9 surua-rubela, kisha inarudiwa miezi 18. Kenya mpangilio unakaribiana sana na huo.

England wao huanza wiki ya 8, kisha 12, kisha 16. Badala ya penta wana sindano moja yenye kinga sita. Ya sita ni polio. Kwa hiyo mtoto aliyemaliza penta tatu nyumbani hana haja ya kuanza upya zile kinga tano; polio ndiyo anaweza kuongezewa, maana hata huku matone yaliyotolewa tangu Aprili 2016 hayahesabiwi. Kanuni yao wenyewe inasema hivyo: ratiba iliyokatika huendelezwa pale ilipoishia, hairudiwi tangu mwanzo. Nesi akikuambia "tuanze moja," usimkatalie wala usikubali haraka; muulize kama ameangalia mwongozo wa watoto wenye chanjo za nchi nyingine. Wanao, na wengi hurudi mezani wakiwa na jibu tofauti.

Sasa yale ambayo mtoto wetu hatakuwa nayo.

La kwanza ni MenB, chanjo ya aina ya B ya homa ya uti wa mgongo. Kwenye ratiba ya Tanzania haimo. Huku mtoto hupewa wiki ya 8 na ya 12, na tena akitimiza mwaka. Akifika na miezi mitano ataanza siku hiyo: dozi mbili kabla ya mwaka, kisha ya kuimarisha.

La pili ni PCV. Kwetu anapata tatu akiwa mchanga na hadithi inaishia hapo. Huku wanataka moja baada ya kutimiza mwaka, hata kama tatu zile zote zipo kwenye kadi.

La tatu ndilo linalowaudhi watu: surua. Mtoto aliyechanjwa surua-rubela kwa miezi 9 nyumbani ataambiwa huku kwamba dozi ile haihesabiwi. Si dharau kwa kliniki zetu. Mtoto akiwa chini ya mwaka bado anaweza kuwa na kinga aliyorithi kwa mama, nayo huizuia chanjo isishike vizuri. Kwetu hutolewa mapema kwa sababu surua huwafikia watoto mapema, na uamuzi huo ni sahihi kwa kwetu. Huku husubiri mwaka. Isitoshe, chanjo yao ina kitu cha tatu ambacho MR haina, matumbwitumbwi, na tangu Januari 2026 wameongeza cha nne, tetekuwanga. Basi mtoto atapewa mbili zaidi, mwaka mmoja na miezi 18. Ile ya miezi 9 ilimlinda kwa wakati wake. Usiione kama kazi bure.

Miezi 18 ni miadi mpya. Zamani dozi ya pili ya surua ilisubiri hadi mtoto awe na miaka mitatu na miezi minne. Kwa waliozaliwa kuanzia Julai 2024 imesogezwa nyuma, na siku hiyohiyo wanapata dozi ya nne ya kinga sita. Ukiwa na rafiki mwenye mtoto mkubwa akakuambia "aa, hiyo bado sana," ujue anasema ratiba ya zamani.

Kwa wa Marekani, linaloshangaza wengi ni hilohilo la polio. Matone yaliyotolewa tangu Aprili 2016 hayahesabiwi huko pia, kwa sababu mwezi huo dunia ilihama kutoka matone yenye aina tatu za virusi kwenda yenye aina mbili, nao wanataka kinga ya aina zote tatu. Kinachohesabiwa ni sindano. Hivyo mtoto mwenye matone manne na sindano moja huonekana ana dozi moja ya polio. Usibishane, ni kanuni yao. Na kama hamna bima, uliza mpango wa serikali unaoitwa Vaccines for Children. Hulipia chanjo za watoto chini ya miaka 19 wasio na bima au walio kwenye Medicaid, bima ya serikali kwa wenye kipato kidogo.

Ujerumani, tangu Machi 2020, sheria inataka mtoto mwenye mwaka mmoja awe na uthibitisho wa kinga ya surua kabla ya kupokelewa kituo cha kulelea watoto, na mwenye miaka miwili awe na dozi mbili. Ukitaka kurudi kazini, hiyo ndiyo karatasi ya kuitafuta mapema.

Hatua ya 4: Aliyezaliwa huku, mtafutie BCG

Mwanangu wa pili nusura aikose, na kisa ni kwamba hakuna aliyenikumbusha. Uingereza haichanji kila mtoto dhidi ya kifua kikuu. Huchanja wale ambao mzazi au babu au bibi yao alizaliwa kwenye nchi yenye wagonjwa wapya 40 au zaidi kwa kila watu 100,000 kwa mwaka. Tanzania, Kenya, Uganda na Kongo zote zimo. Angalia vizuri: babu au bibi. Hata wewe mzazi ukiwa umezaliwa London, mama yako akiwa wa Tanga, mtoto anastahili.

Mwambie mkunga ungali mjamzito, arudie kuandika hata kama ameshaandika. Kwa kawaida haitolewi siku ya kuzaliwa kama kwetu. Tangu Septemba 2021 husubiri siku 28, ili kipimo cha damu cha kisigino kionyeshe kwanza kama mtoto ana upungufu mkali wa kinga, maana BCG ni chanjo hai. Pia GP wengi hawaitoi. Kuna kliniki yake maalumu, na barua ya miadi inaweza kuchelewa. Ikipita wiki ya tano hujasikia kitu, piga simu.

Hapa huchoma mkono wa kushoto, juu. Tanzania ni bega la kulia, Kenya ni mkono wa kushoto chini ya kiwiko, kwa hiyo nesi akitafuta kovu mwelekeze mahali. Wiki chache baadaye kipele huvimba, hutoa usaha kidogo, kisha hukauka chenyewe. Usikipake dawa, usikikamue, usikifunge plasta isiyopitisha hewa. Na kwa miezi mitatu mkono huo usidungwe chanjo nyingine yoyote. Mkumbushe nesi, maana mara nyingi aliyechoma BCG si huyo aliye mbele yako.

Marekani BCG haimo kabisa kwenye ratiba. Mtoto wako akipimwa kifua kikuu kwa sindano ya ngozi, mkono unaweza kuvimba kwa sababu ya BCG aliyopewa nyumbani. Onyesha kadi kabla ya kipimo, na uliza kama kipimo cha damu kinamfaa kwa umri wake.

Hatua ya 5: Siku yenyewe

Mvalishe nguo inayofunguka mapajani. Mnyonyeshe wakati wa sindano au mara tu baada yake. MenB huleta homa kuliko zote. Huku hushauri parasetamo ya maji ya watoto wachanga (miligramu 120 kwa mililita 5), mililita 2.5 mara baada ya chanjo, kisha mara mbili zaidi kila baada ya saa 4 hadi 6. Hiyo ni kwa MenB ya wiki ya 8 na ya 12; kwa umri mwingine fuata nesi atakavyokuandikia. Kabla hujanyanyuka kwenye kiti, tazama kama ameandika kwenye vitabu vyote viwili.

Hatua ya 6: Likizo ya nyumbani

Mama yangu hupiga simu kila Novemba: "Mwanangu, mnakuja lini? Watoto wananisahau." Tarehe ya tiketi inatakiwa ifuate tarehe za chanjo, au angalau zikutane mezani. Nenda kwa nesi wa safari wiki sita hadi nane kabla.

Mtoto wa kuanzia miezi 6 ambaye hajatimiza mwaka anaweza kupewa chanjo ya surua mapema kwa sababu ya safari. Haitahesabiwa, zile mbili zinabaki palepale. Mpe tu, kwani nyumba ya bibi itajaa wageni, na kila mgeni atataka kumbeba.

Homa ya manjano huwachanganya wengi. Ukiruka moja kwa moja kutoka Uingereza kwenda Tanzania, cheti hakitakiwi. Kinatakiwa kwa mwenye mwaka mmoja na zaidi anayetoka nchi yenye ugonjwa huo, au aliyepita humo kwa zaidi ya saa 12. Kenya na Ethiopia ni kati ya nchi hizo. Tiketi ya bei nafuu yenye kulala Addis Ababa, au ile safari ya basi kutoka Nairobi kwenda Arusha kumwona shangazi, inabadilisha hesabu yote. Chanjo hiyo hutolewa kuanzia miezi 9, cheti huanza kufanya kazi siku ya 10 na sasa hudumu maisha yote. Tatizo linakuja hapa: huku hawaitoi siku moja na chanjo ya surua, wanataka wiki nne katikati. Mtoto akitimiza mwaka Desemba 1 na tiketi ni ya Desemba 15, na ya homa ya manjano hakupewa mapema, mojawapo itakosekana. Panga kurudi nyuma kutoka siku ya safari.

Malaria haina sindano ya wasafiri. Chanjo ipo, na sehemu za magharibi ya Kenya watoto wameipata tangu 2019, lakini ni ya dozi nne kwa watoto wanaoishi huko. Mtoto wako atahitaji neti iliyotiwa dawa na dawa ya kinga inayopimwa kwa uzito wake. Aliyezaliwa ughaibuni hana kinga ya malaria hata kidogo, hata kama ukoo mzima ni wa Kilombero.

Dozi ikiangukia mkiwa likizo, usisubiri kurudi. Mpeleke kliniki ya karibu; kwenye vituo vya serikali chanjo za ratiba ni bure. Penta ya huko itahesabiwa huku. MenB ndiyo hamtaipata kwenye ratiba, hivyo iwahini kabla ya kuondoka, au ulizeni inaweza kusubiri hadi lini.

Hatua ya 7: Kadi ikipotea, au tarehe isiposomeka

Narudi kwenye ule mhuri. Kila kituo Tanzania kina rejista ya chanjo, daftari kubwa ambamo mtoto huandikwa kwa namba. Dada yangu alikwenda zahanati asubuhi ya kliniki. Nesi akamwambia, "Leta kadi." Akajibu, "Kadi iko Uingereza, dada, ndiyo shida yenyewe." Tulichokuwa nacho ni ile picha: namba ya mtoto juu ya kadi, na mwezi wa kuzaliwa. Wakafungua kurasa za mwezi ule, vidole vikishuka mstari kwa mstari, hadi jina langu. Penta ya pili, tarehe ikisomeka safi. Dada alipiga picha ukurasa, akafunika majina ya watoto wengine kwa karatasi, nesi akaandika barua fupi yenye mhuri wa kituo. Kwa daktari wa huku hiyo ilitosha.

Ikishindikana kabisa, kubali mtoto achanjwe kama ambaye hajachanjwa. Kurudia dozi kwa kawaida hakumdhuru. Mara nyingi ni paja kuuma zaidi. Kubaki bila kinga huku mkitafuta karatasi ndiyo hatari kubwa zaidi.

Na mkihama tena, iwe kurudi nyumbani au kwenda nchi ya tatu, omba kwa GP orodha ya chanjo iliyochapishwa kabla hamjaondolewa kwenye daftari lake. Iandikwe kila dozi, jina la chanjo, siku, mwezi kwa maneno, na mwaka. Nesi wa kwetu ataiangalia, ataulizia surua ya miezi 9, utamwonyesha mstari wa mwaka mmoja, naye atafungua kadi mpya.